Sauti Yangu na Wapimaji Wake

Wapo watano wanaojua kama sauti yangu imepona, na mimi simo. Yupo daktari wa masikio, pua na koo. Yupo mtaalamu wa tiba ya sauti, binti mpole anayenipulizisha maji kwa mrija. Ipo kompyuta yake, ambayo naihesabu kama mtu kwa sababu neno lake huaminiwa kuliko langu. Yupo mwalimu mkuu. Na yupo mama watoto, ambaye hakusomea koo la mtu yeyote lakini alitangaza matokeo kabla hata sijateremka kwenye matatu.

Hawajawahi kukubaliana. Daktari anasema nimepona. Binti anasema ninaendelea vizuri, kauli ambayo kila aliyewahi kujaza ripoti za wanafunzi anajua maana yake. Kompyuta inasema sifuri, nukta, halafu tarakimu kadhaa. Mwalimu mkuu anasema, "Mwalimu, wale wa mstari wa nyuma hawakusikii." Mama watoto anasema nilikuwa afadhali zamani.

Nianze na chanzo, maana kuna wanaodhani mwalimu hupoteza sauti kwa kupenda kufoka. Mimi nafundisha Kiswahili huku Konoin, Bomet, ambako chai inaanzia chini ya dirisha la darasa na kuendelea hadi macho yachoke. Asubuhi ni shwari, unaweza kufundisha kwa kunong'ona. Mchana wingu linajikusanya. Alasiri mvua inashuka, na mara nyingi haiji na maji peke yake. Milima hii ya Kericho, Bomet na Nandi ni maarufu kwa mvua ya mawe. Mkulima wa chai huijua kwa majani yaliyochanika, mwalimu huijua kwa mabati. Dari hatuna. Uwe na watoto sabini chini ya mabati, barafu inamwagika juu, na umefika penye ngeli ya U-ZI. Ama unyamaze, ama upaze sauti, na mtaala haukuweka kipindi cha kunyamaza.

Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia, na kelele zikikoma hushusha vilevile bila kukusudia. Angekuja hapa kwetu Mogogosiek saa tisa alasiri angemaliza utafiti wake siku hiyohiyo na kubaki na muda wa chai. Si hasira, basi. Koo linajipandisha lenyewe, mwenye koo anafuata. Na gharama yake ihesabu: nyuzi za sauti za mwanamume hukutana na kuachana mara mia na ushei kwa sekunde moja. Chukua 120, zidisha kwa saa moja ya sauti mfululizo, unapata migongano 432,000. Huko Marekani kuna walimu waliovishwa kifaa shingoni cha kuhesabu mitetemo hiyo, ikaonekana kwamba karibu robo ya muda wao wa kazi nyuzi hazipumziki. Utafiti mwingine wa hukohuko, Iowa na Utah, uliotolewa mwaka 2004, ulikuta kwamba asilimia 57.7 ya walimu wamewahi kupatwa na tatizo la sauti maishani, dhidi ya asilimia 28.8 ya watu wa kazi nyingine. Na hao shule zao zina dari.

Mimi niliota vinundu viwili, kimoja kila upande wa koo, vimetazamana. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni wa kupona. Mguu ukivunjika una heshima yake: plasta ikitolewa unatembea, na kila mtu anaona kwamba unatembea. Sauti ikitibiwa ndipo kesi inapoanza kusikilizwa.

Daktari hupima kwa macho. Alipitisha kamera nyembamba puani hadi kooni, akawasha taa ya kumulika kwa vipindi ili ule mtetemo wa kasi uonekane polepole, nikajiona ndani kwenye skrini, mahali ambapo sikuwahi kualikwa. Aliniambia, kwa kunifariji nadhani, kwamba ujanja wa kuchungulia nyuzi za sauti ulienezwa na mwalimu mwenzangu: Manuel García, Mhispania aliyefundisha kuimba, ambaye mwaka 1854 alijitazama koo lake kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Alifariki 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Hakufundisha chini ya mabati, hilo liko wazi.

Baada ya matibabu kamera ilirudi tena puani. Daktari akasema, "Vinundu vimekwisha. Umepona, Mwalimu." Nikamjibu asante daktari, kwa sauti ya mlango wa ghala. Hakugeuka. Alikuwa anatazama skrini, na skrini ilikuwa nzuri.

Binti wa tiba ya sauti ana njia zake. Kwanza alinitaka nivute pumzi nitamke /s/ mpaka hewa iishe, kisha /z/ vivyo hivyo, naye ameshika saa. Jamani! Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa Konoin sauti ghuna na sighuna, nikiwaambia washike koo wasikie /z/ inavyotetemeka na /s/ inavyopita kimya. Leo nimeketishwa kwenye kiti cha plastiki nafanyishwa mtihani wa somo langu. Sekunde za /s/ zinagawanywa kwa sekunde za /z/. Mwenye koo zima hupata jibu la karibu na 1, kwa kuwa anaweza kuzivuta zote mbili sawasawa. Nyuzi zisipofunga vizuri hewa inavuja, /z/ inakatika mapema, na jibu linapanda; likipita 1.4 wanaanza kukutazama kwa huruma. Langu lilipita. Nilirudi nyumbani nikiwa mwalimu wa Kiswahili aliyeanguka /z/.

Kisha akafumba macho, akaniambia nisome habari fupi, akasikiliza. Hiki ni kipimo cha sikio, kilichotengenezwa Japani na kuenea kupitia kitabu cha Minoru Hirano cha mwaka 1981. Mambo matano: kasoro kwa jumla, mkwaruzo, hewa inayovuja, unyonge, na kujikamua. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Hakuna waya wala betri. Ni masikio ya binti na kalamu yake.

Hapo nilitulia kidogo, maana mimi nina chai yangu pia, na sisi wa chai tumezoea kupimwa hivyo. Majani yetu mawili na chipukizi hupimwa kilo pale kituoni, karani akitoa uzito wa gunia kwa ukarimu mkubwa, lakini kilo si bei. Bei iko Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Yupo mtu pale mwenye kijiko. Huvuta chai mdomoni kwa kelele ambayo mtoto wako angeitoa mezani ungempiga kofi, huizungusha, huitema kwenye chombo, hutamka neno moja, kisha husogea kikombe kinachofuata. Neno hilo moja ndilo bonasi yangu ya Oktoba. Kuna mashine za kukausha chai, za kukata chai, hata za kuchuna chai ambazo watu wa Kericho wamezikasirikia mpaka wakazichoma moto. Lakini mtu wa kijiko hajang'olewa, kwa sababu hakuna chuma kinachojua chai tamu. Binti wa sauti ni mwonjaji wa aina hiyo. Naye ana udhaifu uleule: wasikilizaji wawili waliosoma chuo kimoja wanaweza kuipa sauti moja alama tofauti, na msikilizaji mmoja anaweza kujipinga mwenyewe kesho yake. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa, tunaolipwa bonasi ndogo kuliko wenzetu wa mashariki, tuna mengi ya kusema kuhusu ladha za watu. Nitayaweka kwa siku nyingine.

Ndiyo sababu ikaletwa kompyuta, ili isiwe na ladha. Kompyuta inataka useme "aaaa", kwa utulivu, bila kupanda wala kushuka, mdomo ukiwa umbali uleule kutoka kwenye kipaza sauti. Inapima jinsi kila mtetemo unavyotofautiana na uliotangulia, kwa kasi na kwa nguvu. Inatoa grafu. Ni kazi ya kupendeza, siidharau. Ila katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kuingia darasani nikasema "aaaa". Nikisema "aaaa" huku Konoin watoto watakimbia kumwita mwalimu mkuu.

Na tuseme ukweli kuhusu chumba chenyewe. Kimefunikwa kila upande kwa vitambaa vya kumeza mwangwi. Mlango ukifungwa unasikia moyo wako. Ni asubuhi, nimelala usingizi wangu, sijasema na mtoto yeyote. Katika chumba kama hicho hata jogoo wa jirani, ambaye amewika kwa kukoroma tangu alipokanyagwa na pikipiki, angepita mtihani. Ugonjwa wangu hauishi chumbani humo. Ugonjwa wangu unaanza kazi saa nane na nusu mchana, wingu likiwa limeshuka hadi kwenye bendera, na unafika kileleni saa tisa juu ya ubao wenye ngeli. Anayetaka kunipima na aje saa hiyo. Gumboots nitamwazima.

Lakini haji, mimi ndiye ninayekwenda. Wataalamu wa tiba ya usemi na sauti ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, na kutoka Kericho hadi huko ni kilomita 260 hivi, kwa matatu yenye spika mbili chini ya kiti changu. Abiria wa jirani yangu huwa anataka kujua habari za nyumbani. Nami, kwa mujibu wa Lombard, najibu kwa kupaza. Nikifika napimwa, binti anaandika kwamba sauti inaonyesha uchovu. Sauti ya nani isingechoka? Ile ni ripoti ya matatu, si yangu.

Tukaja kwenye fomu. Fomu hii ilitungwa Marekani mwaka 1997 na Barbara Jacobson na wenzake, ina maswali 30, na kila swali unajijazia kuanzia 0 hadi 4, kwa hiyo ukiwa hoi kabisa unapata 120. Inampima mgonjwa kwa maisha yake: anavyotumia simu, anavyojisikia mbele za watu, kama ameanza kukwepa mazungumzo. Na ili waseme umepata nafuu ya kweli, si bahati ya siku, jumla yako ishuke kwa alama 18. Nikasema, hatimaye! Kuna kipimo kinachoniuliza mimi.

Mama watoto akachukua kalamu.

Swali moja linataka kujua kama watu wa nyumbani hupata shida kunisikia nikiwaita kutoka upande wa pili wa nyumba. Nikasema tuandike 4. Akasema tuandike 0, kwa kuwa watoto wananisikia barabara, ila wakijua ninachowaitia ni kukama ng'ombe wanakaa kimya. Wamefanya hivyo tangu kabla sijaugua. Nikauliza hilo liandikwe wapi. Fomu haina mahali pake. Swali lingine linahusu kama sauti imenipunguzia kipato. Nikamweleza kwamba mwajiri wangu halipi kwa desibeli. Akajibu kwamba tangu niache kuwa msema-chochote wa harusi tumekosa nyama kadhaa za kubeba nyumbani, na nyama ni kipato. Akaandika 3. Tulipofika kwenye swali la kama najisikia nimeachwa nje ya mazungumzo, alikwisha kujibu na kufunua ukurasa.

Mara ya pili tuliijaza Desemba. Jumla ilianguka vibaya sana, ikavuka zile 18 na kuzidi. Binti alifurahi, akampigia daktari, daktari akafurahi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua siri: shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwezi mzima nikizungumza na ndama. Mtu yeyote atapona ukimwondolea watoto sabini. Muhula wa pili ulipofunguliwa na mvua za Mei zikatua, alama zangu zilipanda tena kama bei ya mbolea, na safari hii hakuna aliyempigia mwenzake.

Nilifikiri ni sisi tu tunaovurugana, mpaka binti aliponiambia kwamba wataalamu wa koo wa Ulaya walitoa mwongozo mwaka 2001 wakitaka sauti ipimwe kwa njia tano kwa pamoja: sikio, kamera, kompyuta, pumzi, na mgonjwa mwenyewe. Sababu ni kwamba njia hizo hazisemi jambo moja, na moja ikikusifu nyingine inaweza kukukana bila yoyote kusema uongo. Hiyo nimeiheshimu. Ila katika tano hizo hawakumweka mwalimu mkuu wala mke, na matokeo yake ndiyo haya.

Kipimo cha mwalimu mkuu ni cha paredi. Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa, mwalimu wa zamu hutangaza matangazo, na sauti yapasa kufika kwa wale warefu waliosimama karibu na vyoo. Ikifika, una sauti. Isipofika, wewe ni mgonjwa, hata uje na cheti cha ukubwa gani. Nilimwonyesha grafu ya kompyuta. Aliigeuza juu chini, akaniuliza kama hayo ndiyo mahudhurio.

Nikamweleza kuhusu spika ndogo ya shingoni. Kuna utafiti wa mwaka 2002 uliowagawa walimu wenye shida ya sauti: waliopewa vipaza sauti vya kujivika walipata nafuu kwenye fomu ileile ya maswali 30, na walioishia kupewa mawaidha ya kutunza koo hawakusogea. Shule haina bajeti, kwa hiyo nilijinunulia yangu sokoni Kericho. Ni aina ileile inayotumiwa na wachuuzi wa dawa za wadudu. Nilipoiwasha darasani mara ya kwanza, kabla sijafungua kinywa, dawati la nyuma likaitikia kwa pamoja: "Panya! Kunguni! Mende!" Hawajaacha. Hata mkaguzi alipokuja.

Mawaidha ya kutunza koo nayo usiniulize. Kunywa maji, usipige kelele, usikohoe kwa nguvu, punguza chai. Kumwambia mtu wa Bomet apunguze chai ni kumwomba auhujumu uchumi wa kaunti, na ushahidi kwamba chai inakausha nyuzi za sauti, ukiutazama, ni mwepesi kuliko chai ya hotelini. Mrija, kwa upande wake, nakiri unasaidia. Unautia kwenye glasi ya maji, unavumisha "uuuu" kupitia humo, mapovu yanapanda, na ule msukumo unaorudi nyuma unazifanya nyuzi zikutane bila kuumizana. Jirani aliyekuja kuazima jembe alinikuta katika hali hiyo. Alimvuta mama watoto kando, akamuuliza kwa upole nimeanza lini, na kama kanisani wanajua.

Sasa huyu mama watoto na kauli yake ya afadhali zamani. Nilipomtaka aieleze alinikumbusha koito ya binti wa kaka yangu, kile kikao cha wazee cha kupatana mahari. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wetu, na ilitokea nikiwa sina sauti hata ya kuitikia salamu. Wazee wa upande wa pili wakataja idadi ya ng'ombe. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu, nikakifunga. Wakatazamana, wakaongeza mmoja. Nikajaribu tena kusema kwamba hao wanatosha kabisa, ikatoka pumzi tupu. Wakaongeza mwingine na mbuzi. Mpaka maziwa ya mursik yanamiminwa, kaka yangu alikuwa ananiita mwanadiplomasia. Mwaka uliofuata nilipelekwa koito nyingine nikiwa na sauti yangu iliyotibiwa kwa nauli ya Nairobi. Nilizungumza vizuri sana, kwa mifano na methali. Tuliondoka na ng'ombe pungufu, na tangu siku hiyo wazee wameniambia nikae nyuma nisimamie viti.

Aliyethibitisha kupona kwangu bila kigugumizi ni mashine moja tu, na si ya hospitali. Kampuni moja ya simu ilikuwa na huduma ya kumtambua mteja kwa sauti akisahau namba yake ya siri: unarekodi sentensi waliyokupa, siku ya shida unairudia, wanakufungulia. Mimi nilirekodi yangu vinundu vikiwa vimeshamiri. Siku moja nikasahau namba. Nikapiga, nikasema sentensi yangu kwa sauti safi, pumzi imejaa, nikitamka kila irabu. Ikajibu kwamba sauti hii si ya mwenye laini. Nikarudia kwa madaha zaidi. Si ya mwenye laini. Daktari, binti, kompyuta, jopo la Ulaya: hakuna aliyewahi kuniambia kwa uhakika kiasi hicho kwamba mimi si yule wa zamani.

Ila karo ya mtoto ilikuwa humo ndani. Nikaingia jikoni nikafunga mlango, nikakaza shingo, nikajikamua na kukwaruza yote niliyokatazwa kujikamua na kukwaruza. Ikanitambua papo hapo, ikanishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Mama watoto akasukuma mlango.

"Imerudi?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya pesa tu, nitaiacha sasa hivi.

"Ngoja," akasema, akivuta kiti. "Usiiache kwanza. Mpigie kaka yako, mwulize koito ya yule mdogo ni lini."